Nilionja Pombe Yangu Mbele ya Majaji

Mpendwa Mama Thokozile,

Nakuandikia kwa sababu nyumbani kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, na mimi nimebaki kama mtu aliyeitwa na watu wawili kwa wakati mmoja, hajui ageukie wapi. Nakuomba unisaidie wewe usiyenijua.

Nina miaka kumi na tisa, nilimaliza shule mwaka jana, matokeo yangu hayakutosha kunipeleka chuoni, na ninaishi na Gogo, yaani bibi yangu mzaa baba, huku milimani juu ya Melmoth. Mimi si msemaji, hata kanisani nikiambiwa nisome neno sauti inanikauka, lakini tangu nitoke shule Gogo amekuwa akinifundisha kupika pombe yetu ya mtama, namna ya kuotesha kimea, kuuacha uji uchachuke, kuchuja, na kuanzisha pombe mpya kwa machicha ya ile iliyotangulia, na nimegundua naipenda kazi hii kuliko chochote nilichowahi kufanya darasani. Shida ni kwamba sijui kama naiweza. Wazee wakija kunywa kwetu wanapangusa midomo na kusema, "Khabazela," yaani wanamshukuru marehemu babu kwa jina la sifa la ukoo wetu, kisha wanajiendea, nami nikimuuliza Gogo ilikuwaje, ananiambia, "Chungu kimerudi kitupu, unataka nini tena?" Lakini vyungu vya watu wote hurudi vitupu, Mama.

Ndipo nikasikia redioni kuna shindano la wapika pombe wa nyumbani kwenye maonyesho ya kilimo, na kwamba kuna kundi la wanaoanza, nikawaza kwamba hao majaji hawamjui babu yangu, basi wataniambia ukweli. Sheria zao nilizisoma zote. Kila chungu kinapewa namba, wapishi wanasimama nyuma ya kamba bila kusema neno, jaji hajui anakunywa ya nani. Nilizielewa na nikaweka sahihi.

Siku yenyewe tulikuwa watano, na aliyesimama karibu nami ni mama mmoja anaitwa MaSibiya, naye anaanza kama mimi, ila pombe yake ilikuwa na povu jeupe lililosimama wima, na ya kwangu povu lilikuwa limelala kwa kutikiswa njiani, miguu ikaanza kunitetemeka. Majaji walikuwa watatu, mmoja wao mzee mwenye mvi, wa umri wa babu. Wakachota kutoka chungu changu, namba nne, wakampa yule mzee, akainua kikombe, na Mama Thokozile, nikaona mtu mzima anakwenda kunywa pombe yangu na mimi sijaionja mbele yake. Kwetu aliyepika hunywa kwanza, ili mgeni aone hakuna sumu, hata Gogo na uzee wake huonja kabla ya kumpa jirani aliyecheza naye utotoni. Sijui nilipitaje ile kamba. Nilijikuta nimepiga magoti mbele ya mzee, kikombe kiko mikononi mwangu, nimekwishapiga funda, nikafuta ukingo nikamrudishia kwa mikono miwili.

Halafu MaSibiya akasema kwa sauti, "Bi harusi, hapa si ukweni. Rudi nyuma ya kamba." Wakacheka wote. Mama msimamizi akaja, wala hakuwa mkali, akaniambia, "Mdogo wangu, umeshajitambulisha. Namba nne imetoka mashindanoni." Yule mzee hakusema kitu, ila alikunywa mpaka mwisho na kukifudikiza kikombe mezani.

Nilipomsimulia Gogo nilidhani atanigombeza, kumbe alipiga makofi. "Umelelewa," akasema. "Hao wanaokunywa pombe ya mtu asiyeonja, wakianguka watamuuliza nani?" Baba mdogo yeye anasema nimeuaibisha ukoo: "Umesoma sheria, umeweka sahihi, kisha unaruka kamba kama mbuzi. Shule ulienda kufanya nini?" Sasa msimamizi ametuma ujumbe kwamba kwa kuwa pombe yangu haikuhukumiwa, naweza kuingia tena kundi la wanaoanza mwezi ujao kule Eshowe, sheria ni zile zile, na Gogo ameapa kwamba machicha yake hayatatoka kwenda huko. "Mchawi ndiye anayekupa kikombe huku ameficha jina," anasema.

Mimi natamani sana kwenda. Lakini nikienda nitakuwa nimemdharau Gogo aliyenifundisha, na nisipokwenda sitajua kamwe kama naiweza kazi hii. Na yule mzee, aliikausha kwa sababu ilikuwa nzuri, au alinionea huruma? Nilikosea au sikukosea? Nifanye nini?

Ni mimi,
Asiyejua Ageukie Wapi, Melmoth

*

Mwanangu Usiyejua Ageukie Wapi,

Ulikosea. Naanza na hilo tusije tukazungushana. Sheria ulizisoma, ukazikubali, na wenzako wanne walisimama kimya na pombe zao wakikusubiri wewe umalize kupiga magoti. Baba mdogo wako ana mdomo mchafu, lakini kwa hilo yuko sahihi.

Gogo naye yuko sahihi kwa lake. Mtu asiyeonja anachowapa wengine hata mimi sinywi chake, na hiyo ni desturi ya kukulinda wewe pia, kwa sababu mgeni akiumwa tumbo kesho, nani atakunyooshea kidole ikiwa alikuona unakunywa? Pole kwa kuchekwa. Binti anayekumbuka adabu mbele ya umati kama ule nampenda, na MaSibiya usimchukie, alikuwa anatetemeka kama wewe.

Sasa kuhusu yule mzee. Acha kumfikiria. Mzee wa kwetu ukimpa kikombe umepiga magoti atakikausha hata kama ni maji ya kuoshea vyungu. Hakukuambia chochote, na wewe unajua hakukuambia, ndiyo maana umeniandikia.

Nina swali moja, na jibu lake baki nalo mwenyewe. Umesema povu la jirani lilisimama na lako lililala, na miguu ikaanza kutetemeka. Kisha ukaruka kamba. Je, yote ilikuwa desturi? Au nusu yake ilikuwa woga, kwamba namba nne ikitoka hakuna atakayesema ilikuwa mbaya? Sikulaumu. Mimi nilipoanza kushona nilikuwa nachana nguo kabla mteja hajaijaribu.

Haya, sikiliza. Hakuna sheria uliyonitajia inayokataza kuonja kabla ya namba. Mtumie msimamizi ujumbe wiki hii hii, umwombe akuruhusu unywe funda mbele yake pale mezani anapopokea vyungu, kabla hajabandika namba. Yeye ndiye atakayewapelekea majaji, basi yeye ndiye shahidi wao. Nimewahi kusimamia mashindano ya keki, najua msimamizi anapenda mtu anayeuliza mapema kuliko anayeruka kamba.

Akikubali, nenda kwa Gogo. Usimpelekee maneno ya baba mdogo wala haya yangu. Mwambie utaonja, utaonja wapi na mbele ya nani, halafu mwombe aje aone kwa macho yake. Nadhani machicha yatatoka. Yasipotoka, usiyaibe, na usiende kwa jirani kuyaomba kwa siri. Anzisha kwa kimea peke yake, itachukua muda mrefu zaidi na itakuwa yako kuanzia mwanzo. Msimamizi akikataa kabisa, usiende Eshowe, maana hutaweza kusimama nyuma ya kamba na moyo umetulia, na utaruka tena.

Siku ya safari usikifunge chungu kwa mfuniko wa kubana, pombe bado iko hai na itakulipukia garini. Kifunike kwa kitambaa, ukipakate mwenyewe, na ufike mapema povu lipate kuinuka tena.

Ukishaonja, nenda kasimame mahali pako, mikono nyuma. Mtu anayeanza haendi kwenye shindano kutafuta kikombe cha ushindi. Anakwenda kutafuta mtu asiye wa ukoo wake amwambie kasoro. Kwa hiyo ukiitwa wa kwanza au wa mwisho, usitoke uwanjani kabla hujamfuata jaji mmoja na kumuuliza pombe yako imepungukiwa nini. Sauti ikikukauka, subiri irudi, kisha uliza tena. Na atakachokujibu, hata kikiwa kichungu, usimgeukie mtu yeyote kumuuliza kama ni kweli. Rudi nyumbani uoteshe kimea kingine.

Mama Thokozile