Editha Hakuwa Akilia

Sombetini, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limepata nafuu na mahindi ya bondeni yamepona viwavi. Huku mvua haijakata, matope ya Sombetini yanavua watu viatu, lakini mimi, mke wangu Anaeli na mjukuu wako Editha tu wazima, hatuna homa wala kikohozi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi.

Mjomba Festo alinipigia, akasema amekuonyesha video ya Editha kwenye simu yake, nawe ukalia, ukaenda kumwomba padre amtaje kwenye misa. Siku ile nilishindwa kueleza kwa hasira. Nimeona niandike, dada Kresensia akusomee taratibu.

Mama, Editha hakuwa akilia. Hana njaa, hajatupwa na mtu. Kilichofanyika ni uchafu, na nitakueleza wote.

Unajua tulivyohangaika tangu tulipoambiwa mtoto ni kiziwi. Shule ya viziwi anakosoma inamfundisha lugha ya alama, lakini akirudi nyumbani anatukuta sisi ndio mabubu. Anaeleza jambo, mikono inakimbia, sisi tunatazamana tu. Mwisho anakata tamaa, anageukia ukutani.

Ndipo Anaeli akasikia habari za Upendo. Ni binti kiziwi, anasuka nywele Lemara, na alikuwa amefungua kundi kwenye simu kwa wazazi kama sisi. Anajirekodi akionyesha alama, anatutumia. Mwanzoni zilikuja hovyo, leo tembo, kesho Jumatano, na ukitafuta ya juzi huipati. Tukamfuata saluni, tukawa tunaandikiana kwenye simu, tukazipanga upya: kwanza jikoni, kisha mwili na maumivu, kisha watu wa nyumbani, kisha maswali. Kila somo likawa linatumia alama za somo lililotangulia. Mzazi mpya akiingia leo anajua aanzie wapi. Na kila mzazi alitakiwa kumrekodi mwanawe akijibu, ili Upendo aone tunapokosea.

Mama, nilikuwa nafunga mabomba ya watu mchana, jioni nafanya mazoezi mbele ya kioo kama kichaa. Na nikaanza kuelewa.

Siku moja Anaeli alikuwa kwao mlimani, nikapika mimi. Editha akaonja, akaweka kijiko chini, akaniambia kwa mikono: "Baba hajui kupika. Ugali una mabonge. Mama anarudi lini?" Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilielewa kila neno! Ilikuwa mara ya kwanza mwanangu kunitania. Nikamwomba arudie, nikamrekodi, nikaituma kwenye kundi. Wazazi wakafurahi kama harusi.

Ndani ya kundi kulikuwa na kijana mmoja wa Njiro, Rodi. Aliingia akisema ana mpwa kiziwi. Uongo. Hana mpwa wa namna hiyo. Ana ukurasa wake mtandaoni, na alichokuwa anawinda ni watu wa kumfuata. Akaichukua video ya Editha, akakata kicheko chote, akabakiza machozi. Akaipunguza mwendo, akatia muziki wa msibani, akaandika juu yake: "Mtoto bubu analia kimyakimya, nani atamsikia?"

Hiyo ndiyo uliyoiona.

Nilimfuata kwake. Nilimkuta sebuleni na taa yake ya duara ya kujirekodia, ananukia manukato, akanikaribisha kwa mikono miwili.

"Braza, karibu! Mtoto wako ametrendi, nchi nzima inamjua."

Nikamuuliza, "Pale anasema nini?"

Akakodoa macho. "Si anaomba msaada?"

"Umekaa na sisi muda wote ule, hukujifunza hata alama moja?"

Akacheka. "Mimi si kiziwi, braza."

Nikamwambia anachosema Editha, neno kwa neno, mpaka mabonge ya ugali. Unajua alijibu nini? "Sasa hiyo nani angeiangalia? Watu wanapenda kuguswa." Alisema hivyo huku akisoma maoni kwenye simu yake, anatabasamu. Nikasimama pale mpaka akaifuta mbele yangu. Lakini kufuta kwake ni bure, wengine walishainakili, ndiyo maana imefika mpaka kwa mjomba Songea.

Na waliotoa maoni nao! Mmoja anasema tumemroga mtoto. Mwingine anashukuru Mungu kwamba watoto wake wanaongea. Jirani yetu, anayemwona Editha kila siku akiruka kamba, alikuja na uso wa msiba kutupa pole. Anaeli alifunga mlango.

Kilichoniuma zaidi ni kundi. Wazazi waliogopa, mmoja baada ya mwingine wakaondoa video za watoto wao, wengine wakaondoka kabisa. Masomo tuliyoyapanga yakabaki na matundu. Upendo naye akaacha kutuma masomo. Nilipomwendea aliniandikia: "Maisha yangu yote watu wananionea huruma bila kuniuliza nasema nini. Nimechoka nao."

Lakini ni yeye aliyetuita tena. Sasa wazazi waliobaki tunakutana uso kwa uso nyuma ya saluni yake, Jumapili baada ya ibada, watoto wakicheza katikati yetu. Masomo bado yanatumwa kwenye simu kwa mpangilio uleule, ila inaonekana mikono ya watu wazima tu. Tunajifunza polepole kuliko zamani, maana hakuna kinachofundisha kama kumwona mtoto akijibu. Hilo Rodi alituibia, na sijamsamehe. Usiniambie nimsamehe, mama, bado sijafika huko.

Naomba mambo mawili. Mwambie mjomba aifute hiyo video, asimtumie mtu. Na mtu akikupa pole kwa ajili ya Editha, usiipokee. Mwambie mjukuu wako anaongea kuliko baba yake.

Nisalimie dada Kresensia na mumewe, bibi mkubwa pale kwa mjomba, na mama yangu wa ubatizo. Anaeli anakusalimu kwa heshima zote.

Tutakuja Krismasi. Viziwi humpa kila mtu jina lake kwa mikono, na Editha ameshakupa lako, ameliokota kwenye picha yako ya ukutani: anagusa kidevu, pale penye kidoti chako. Ukimwona mlangoni anagusa kidevu, anakuita. Usiitike kwa mdomo, mama. Inua mkono.

Ni mimi mwanao ninayekukumbuka,
Osmund