Mak Bedah na pazia la melini

"Fungua pazia!" "Sifungui!" "Mama, mtoto anataka mwanga!" "Mila yetu, mtoto asiyekanyaga ardhi bado haonyeshwi bahari!"

Jamil, ndivyo dada Suhaila na mama mkwe wake, Mak Bedah, wanavyogombana tangu tuondoke Singapura kwa meli jana. Mtoto ana miezi saba, analia kama king'ora.

Na chumbani humu hakuna pa kukimbilia! Kitanda cha mtoto kimeziba mlango. Nikajificha chooni.

Sasa sikia ujinga wangu. Nikatoa kichwa, nikasema, "Kapteni katangaza, wenye chumba chenye kelele wanashushwa bandari ya Penang kesho."

Utani tu, wewe si unanijua?

Wakaniamini. Hata mtoto kanyamaza. Dada machozi yakamtoka. Miezi saba hajapumzika, hii ndiyo likizo yake.

Nikataka kusema natania. Mak Bedah akanikamata mkono, ananisihi. Mak Bedah, Jamil! Yule aliyenifukuza harusini kwa dada kwa ufagio!

Nakuandikia kwa mkono mmoja, huu mwingine bado kaung'ang'ania, akirudia:

"Wandi mwanangu, mwambie kapteni anayepiga kelele ni mimi. Anishushe peke yangu. Mila ni kisingizio tu; mimi ndiye nayaogopa maji yale, siwezi kuyatazama tena."