Baba Amekataa Kushuka

3 Juni

Kwa binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajukuu wangu, na kwamba kifua cha yule mdogo kimepona. Mimi ni mzima. Nyonga huuma asubuhi na kunyamaza kabla ya chai, kwa hiyo usiniulize tena habari zake.

Najua hoteli imekupigia simu. Ni kweli, nimeondoka. Wewe na ndugu zako mlinipa zawadi ya wiki mbili kando ya ziwa ili nipumzike baada ya kuanguka, nami nawashukuru. Nililala pale usiku mmoja. Waliponipokea walinifunga utepe mkononi kama mtoto mchanga wa wodini, nisije nikachanganywa na mzee mwingine. Asubuhi nilipanga foleni ya yai. Kando ya maji kila kiti kilikuwa kimetandikwa taulo, na wenye taulo hawakuwapo; nilipokaa kwenye kimoja, mgeni mmoja alikuja akanisimamia kimya mpaka nikainuka. Mwingine akaomba kunipiga picha nikiwa nimeshika fimbo. Nikamwuliza ya nini. Akasema uso wangu una historia. Nikamwambia hata wake unayo, ajipige.

Nikaenda stendi, nikauliza ni basi gani halina watu. Wakanionyesha moja linalopanda mlimani.

"Huko unamfuata nani, mzee?" dereva akaniuliza.

"Simfuati mtu."

"Basi umepanda gari lenyewe."

Mji huu una mtaa mmoja wa mawe unaopanda, na vichochoro vinavyochoka njiani. Wingu huingia kwa mlango wa mbele na kutokea jikoni bila kubisha hodi. Kuna duka moja linalouza misumari, uzi na mafuta ya taa. Kuna kinyozi ambaye hufunga adhuhuri, hata kama umenyolewa upande mmoja. Wazee wana benchi mbele ya zahanati, nao hulihamisha kutwa kulifuata jua. Anayekalia benchi hilo sharti awe tayari kubeba. Hakuna aliyeniuzia kinyago. Nimepata chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Wanamwita Bi Kimya kwa sababu hanyamazi. Alinipa mablanketi manne, akasema, "Yote yatumike, sitaki kuzika mgeni."

Simu huku hushika juu ya paa la zahanati tu, nanyi mmenikataza kupanda juu ya kitu chochote, kwa hiyo nitaandika. Dereva hubeba barua.

Jambo moja linaniudhi. Bomba la mtaani, hapa pembeni mwa nyumba, huachwa kila jioni likidondosha maji, na hakuna anayejali. Bi Kimya ana spana kuukuu. Leo jioni nitabadilisha ule mpira wa ndani. Ni kazi ndogo, na inafanywa mtu akiwa amesimama chini.

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mdogo anakohoa usiku tu. Natumaini baridi ya huko haijakuingia mifupani.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kibarazani, dereva akinitazama kama anayesubiri niangue kilio. Mtu wa miaka sabini na minne unatoroka hoteli kama mwanafunzi wa bweni. Tulikutafuta hospitali mbili. Kaka aliwapigia polisi, wakamwuliza umevaa nini, akashindwa kujibu. Anasema umetuaibisha, na safari hii sikumpinga.

Daktari alisema nini, Baba? Alisema pumzika. Hakusema panda mlima. Na hiyo spana ya huyo Bi Kimya irudishe ilikotoka. Umefanya kazi ya mabomba maisha yako yote, inatosha. Halafu huyo Bi Kimya ni mtu wa umri gani? Nauliza tu.

Wiki zako mbili zikiisha usipitie kwako, njoo moja kwa moja kwangu. Chumba kiko tayari. Kitanda ni kifupi ili usipate shida kushuka, na fundi ameweka chuma cha kushikilia chooni. Karakana yako isikutie wasiwasi. Kaka ameifungua, anaipaka rangi.

Binti yako

13 Juni

Kwa binti yangu,

Mtie mdogo mvuke wa maji moto kabla ya kulala, umfunike shuka kichwani. Mimi sijambo, ila viganja vimechubuka, na sababu nitakueleza.

Ile koki niliifunga ikafungika vizuri, hata tone halikutoka. Nikalala kwa raha ya fundi. Kumbe huku usiku maji huganda ndani ya bomba, na maji yanayotembea hayagandi upesi. Ndiyo maana huiacha idondoshe. Mtaa mzima unajua, hata watoto. Aliyekuwa hajui ni mimi, na sikuuliza, kwa sababu koki inayovuja nimeiona maelfu ya mara na hakuna iliyowahi kunishinda. Asubuhi bomba la chuma lilikuwa limepasuka kwa urefu kama ganda la njugu. Jua lilipotoka, barafu ikayeyuka, na maji yakaruka mpaka dirishani kwa kinyozi.

Bi Kimya alisimama akatazama. "Fundi," akasema, "umemtibu mtu asiyeumwa."

"Tulikuwa na tone," kinyozi akadakia, "sasa tuna mto. Tumshukuru mgeni."

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Waliniuliza swali moja tu: "Utalitengeneza lini?" Sasa mtaa mzima huteka maji kwa ndoo chemchemini, nami nachimba mtaro kulifuata bomba, kwa sababu limeoza mbali kuliko nilivyodhani. Asubuhi hunichimbia wenye nguvu, mchana nafanya mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza umri wangu. Wewe umeuliza umri wa Bi Kimya: ana vitukuu, na anasikia sauti yake tu.

Sasa hiyo rangi. Kaka yako hajawahi kupaka rangi hata mlango wa chumba chake. Karakana haipakwi rangi na mtu mwingine mwenyewe akiwa mlimani, isipokuwa kuna jambo. Niambie ukweli, mwanangu, wewe ndiye usiyejua kudanganya.

Mpe dereva sanduku langu la vifaa. Lile kubwa, lenye chombo cha kukatia meno ya bomba. Sishuki mpaka maji yarudi.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Mvuke umemsaidia, ahsante. Hapa wote wazima wa mwili.

Nitasema bila kuzunguka. Karakana imepangishwa. Ni saluni sasa, wameshaweka vioo. Tulikaa kikao, sisi watoto wako wote, Jumapili ile ulipopanda basi la kwenda ziwani. Kaka alitoa hoja, wakanyoosha mikono. Nami niliunyoosha wangu.

Kabla hujakasirika nisikilize. Wewe ulianguka, lakini aliyekukuta ni mimi. Nililetewa habari kwamba hujarudi, nikaja mpaka kwenye nyumba uliyokuwa ukifanya kazi. Ulikuwa sakafuni, ngazi imekulalia, bomba linakumwagia maji usoni, nawe unageuza kichwa upate kupumua. Uliniambia, "Funga koki kwanza." Hukuniambia unaumia. Tangu siku hiyo simu ikiita nikiwa kazini, huiacha iite mara mbili ili nipate nguvu ya kuipokea. Sikunyoosha mkono kwa sababu nimekuchoka. Niliunyoosha kwa sababu nataka kulala usingizi.

Sanduku lako liko chini ya kitanda changu na halitoki. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nakuja kukuchukua. Mtaro wawaachie wenye mji, bomba ni lao. Uwe umefunga begi.

Binti yako

23 Juni

Kwa binti yangu,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzima, na ninaandika hili nikiwa mzima.

Siku ile ulinikuta, ukaniokoa. Hilo silisahau na sitaki ufikiri nimelisahau. Lakini kuniokoa hakukunifanya kuwa mali yenu.

Mimi niliwakatia maji watu wa mtaa mzima kwa kuwa sikumwuliza mwenye koki. Nilidhani najua. Nimekiri mbele yao na ninachimba mpaka leo. Ninyi mmefanya vilevile kwangu, tena mlingoja nipande basi kwanza. Mlikaa kikao cha mirathi na mwenye mali bado anatafuna. Mngeniambia, "Baba, tunaogopa," ningekaa nikasikiliza, na pengine karakana ningeifunga kwa mkono wangu. Hamkuniambia. Mlinipa zawadi.

Mnaniandalia kitanda kifupi. Mimi sijafupika.

Jumamosi ukija kuniona, karibu, Bi Kimya ataongeza mablanketi. Ukija kunichukua, utashuka peke yako. Begi sifungi.

Baba yako

6 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Watoto wazima. Hukuniuliza, lakini nakuambia.

Siku mbili nzima nilikuwa huko na hatukuongea, ila ya kazi. Kwa hiyo niandike.

Nilipanda nikiwa nimepanga maneno yote. Nikakukuta umelala kifudifudi mtaroni, kichwa chini ya barabara, Bi Kimya amekushika vifundo vya miguu huku akisimulia ndoa ya mpwa wake. Ukanyoosha mkono nyuma ukasema, "Shika hapa." Hukujua ni mimi. Nikashika. Uliponitambua ukasema tu, "Kaza mkono, unatetemeka." Nilikuwa natetemeka kwa hasira, Baba, lakini bomba halikujua. Nikashika mpaka jioni.

Usiku Bi Kimya alinikalisha jikoni kwake. "Baba yako ni mbishi," akaniambia, "lakini si mgonjwa. Wewe ndiye una macho ya mgonjwa." Nikataka kumjibu, nikasinzia mezani. Nililala mpaka jua likapanda, kitu ambacho sijafanya tangu uanguke. Nilipotoka nje nilikaa kwenye benchi la wale wazee wa zahanati; wakaniinua tulihamishe juani, hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Nilikaa nao kutwa. Mji ule haumtaki mtu kitu. Nikauchukia kidogo, kwa kuwa nilianza kukuelewa.

Kesho yake nilibeba begi langu peke yangu. Ulisimama mlangoni ukaniambia "Fika salama," kama mtu anayeaga mteja. Iliniuma.

Stendi nilimkuta Kaka amekuja kukupokea na kiti cha magurudumu. Amekikodi.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Mtaroni."

"Umekwenda siku mbili unarudi mikono mitupu?"

"Mikono hiyo imeshika bomba kutwa nzima. Nikalishe mimi."

Nikakaa. Akanisukuma mpaka kwenye gari, watu wakinipa pole.

Nyumbani ndipo tulipogombana. Saluni haitoki, Baba, wana mkataba. Hilo tulikosea na siwezi kulitengeneza. Lakini sanduku nililivuta kutoka chini ya kitanda. Kaka akasimama mlangoni. Akasema, "Ukimpelekea vifaa hivi, akianguka tena damu yake iko juu yako." Nikamwambia iwe juu yangu, anipishe. Akasema mimi sasa ndiye mtoto mbaya wa nyumba hii. Nikamwambia nimechelewa sana kuanza.

Spana zote nimezipaka mafuta. Dereva amelifunga sanduku juu ya basi kwa kamba mbili. Chumba nilichokuandalia nimekirudisha kwa watoto, nao wameanza kupigania kitanda kifupi.

Bado naogopa. Kunishinda kwako hakujanitoa hofu. Lakini naona afadhali niogope wewe ukiwa huko juu unafoka, kuliko nikutazame hapa ukiwa umenyamaza.

Binti yako

12 Julai

Kwa binti yangu,

Natumaini mko salama wote, pamoja na kaka yako. Sanduku limefika. Dereva anauguza mgongo na amenitaja kwa jina ambalo siliandiki.

Maji yalirudi juzi. Bi Kimya alijaza ndoo ya kwanza, akanyamaza, na mtaa wote ukatoka kuona kuna nini. Kinyozi amekubali kuwa kuanzia adhuhuri chumba chake kiwe karakana yangu. Yeye hunung'unika juu ya vumbi la chuma, mimi juu ya nywele. Kazi ipo, bomba la mtaa huu limeoza mpaka tangini.

Pale mlangoni sikukuaga vizuri. Ningesema neno la pili ningepanda nawe basini, na sikutaka.

Barua hii wasomee ndugu zako. Waambie mambo mawili. La kwanza: damu yangu isiwekwe juu ya mtu. Ni yangu, na nikianguka nitakuwa nimeanguka mimi. La pili: kama kuna kikao kingine juu yangu, kitafanyika huku. Chagueni siku wenyewe, Bi Kimya ana viti vya kutosha. Kaka yako aje na koti zito na hoja zake zote, nitazisikiliza mpaka ya mwisho.

Safari hii nami nitakuwepo.

Baba yako