Mashine Ilingoja

Muganza, Jumanne

Sikulazimika kudanganya. Maman Odette, mpishi wetu, alikuwa anatania tu.

Mchana, kwenye kantini ya kiwanda, alituonyesha video ya vita fulani huko mbali. Mashine kama katapila ndogo, haina dereva, juu yake bunduki. Anayeiongoza yuko mbali, anatazama kioo. Askari mmoja akatoka shimoni, akatupa silaha, akainua mikono. Mashine ikasimama, ikamngoja. Akaondoka nayo mzima.

"Papa Elias, weye ulipigana mu Congo," akasema. "Ungemufanya nini uyu muntu?"

"Ningemuacha, Maman. Muntu akishainua mikono, vita yake imekwisha."

"Uko na roho muzuri, weye." Akaniongezea maharage.

Yule wangu wa msituni, kule Congo, naye aliinua mikono yote miwili. Mimi sikuwa mbali nikitazama kioo. Nilikuwa karibu hata nikaona tope kwenye viganja vyake. Hakuna aliyeniamuru. Nilichoka, niliogopa, nikampiga risasi.

Padri sijamwambia. Mke wangu sijamwambia. Na leo, nilipoulizwa waziwazi…

Maharage yale niliyala yote, nikamshukuru.