Wamemrudisha Nguzo, Neema

Neema,

Wamemrudisha Nguzo.

Naanza na hilo kwa sababu nimekaa nalo wiki ya pili sasa na huku kazini sina wa kumwambia. Nikimgusia mwalimu mwenzangu hapa Kwaluguru ataniuliza Nguzo ni nani. Nikimjibu kuwa ni shujaa wa kwenye katuni, ataniangalia mara mbili: mwanamke mzima, mwalimu wa darasa la nne, macho mekundu kwa ajili ya katuni. Wewe usingeuliza. Wewe ungesukuma cherehani pembeni ukasimama.

Ndiyo, yule yule. Aliyekufa kwenye toleo la kwanza kabisa tulilosoma, mgongo wake umeegemea ukuta wa bwawa mpaka mtu wa mwisho akatoka mjini. Tulikuwa kidato cha pili. Lile boksi la vitabu vya msaada lilipofika shuleni, mwalimu wa maktaba alichambua kamusi na vitabu vya hesabu akavifungia kabatini, majarida ya katuni akayasukuma kwa mguu. "Haya si vitabu. Chukueni mkajalidie madaftari." Hatukujalidia kitu. Tulikaa nyuma ya bweni na kamusi moja, wewe unasoma, mimi natafuta maneno, na Nguzo alipozikwa ulilia mpaka matroni akadhani umefiwa kwenu.

Majina yao ya Kiingereza yalitushinda, tukawapa yetu. Mzee akawa Nguzo. Na yule msichana wa kupeleka mizigo kwa baiskeli, aliyeuokota mkanda wa mzee huyo kwenye matope na kuuvaa ingawa ulimpwaya, akawa Binti Nguzo. Wewe hukulipenda jina hilo. "Si binti wa mtu yule. Mwite jina lake," ulikuwa unasema, na jina lake lenyewe hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka.

Miaka yote ile tulimfuata yeye. Walikuwepo na vijana wengine waliorithi mashujaa wengine, wenye mabawa, wenye moto, lakini sisi tulikuwa wa huyu. Tulimfuata kwa matoleo yaliyochakaa ambayo binamu yako alikuwa anayaokoteza Dar na kumpa kondakta wa basi, mengine hayana jalada, mengine yameruka miezi minne. Baadaye tukamfuata kwenye simu. Na kila toleo, Neema, kila toleo, anaokoa watu na watu haohao wanamwambia, "Wewe si Nguzo." Hapo ndipo ulipokuwa unapiga ukurasa kofi na kupayuka, "Mwacheni mtoto afanye kazi!" Wateja wako wa vitenge walikuwa wanashtuka.

Nilijua kwa nini unapayuka. Nilikuwepo siku za mwanzo pale Korogwe, ulipoachiwa cherehani na shangazi yako baada ya macho yake kufifia. Wanawake walikuwa wanachungulia mlangoni, wanakuona wewe, wanakikunja kitambaa na kukirudisha kwenye mkoba. "Tutarudi fundi mwenyewe akiwepo." Fundi mwenyewe! Na wewe umeshakata shingo za magauni tangu una miaka kumi na miwili.

Basi sikiliza. Chumba chako cha ushonaji amepanga Salma, yule msichana mrefu uliyemfundisha kupiga lupu za vifungo. Mwezi uliopita nilipita kumsalimu. Nimemkuta mteja, mama mmoja mnene, wewe unamjua, alikutesa miaka miwili kwa kukulinganisha na shangazi yako. Ameshika gauni lililoshonwa vizuri kabisa, anatikisa kichwa. "Ni zuri, lakini Neema alikuwa na mkono wake. Fundi alikuwa Neema." Salma ameinamisha kichwa. Nilisikia damu inanipanda. Nilimwambia, "Mama, shikamoo. Neema akiwa hai ulimwambia hajui kushona. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hichohicho ulichoshikilia." Alinuna, akalichukua gauni, akaondoka. Salma aliniomba nisimfukuzie wateja. Labda ana haki. Lakini sikuweza, Neema. Mtu mpaka afe ndiyo awe fundi?

Hasira niliyotoka nayo pale ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa inanisubiri stendi.

Nilinunua karanga. Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe, wanafungia kwenye karatasi. Nimekaa kwenye kiti cha basi, namenya, namaliza, nikaikunjua karatasi niitupe, nikakutana na jicho. Jicho la Binti Nguzo. Nilifikiri nimeona vibaya. Nikainyoosha gotini. Ni ukurasa wa pale anaposemwa vibaya na meya, na pembeni, kwa penseli, mwandiko wako ule wa kulalia kushoto: *Wivu tu huo!*

Niliteremka kwenye basi lililokuwa linaondoka. Nilimfuata yule mama wa karanga mpaka kivulini alikoweka ndoo yake, nikamwomba anionyeshe karatasi zote. Alidhani namtafutia kesi. Nilipomweleza kuwa ni maandishi ya marehemu, akamimina karanga zote kwenye sinia, akanipa karatasi moja moja, anaifuta kila moja chumvi kwenye kanga yake. Chini ya ndoo alikuwa na majarida kumi na moja ambayo bado hajayachana, nayo akanipa. Alikuwa na boksi zima, mengine yameshakwenda na abiria, Moshi huko, Arusha huko. "Nilipewa na kijana mmoja wa Mkumbara," aliniambia. "Alisema ni makaratasi tu."

Kaka yako Petro.

Unajua jinsi ulivyokuwa unaandika pembeni. Ulikuwa unagombana nao wote, waandishi, wachoraji, meya, hata Binti Nguzo mwenyewe: *Usimwamini huyo kaka, viatu vyake visafi mno.* Ulikuwa unaniandikia na mimi: *Asha, angalia mshono wa koti hili, mchoraji hajui bega.* Sina barua yako hata moja, kwa sababu tulikuwa tunapigiana simu. Sauti yako imekwenda. Mwandiko wako ulikuwa pale, kwenye zile karatasi, na kaka yako ameugawa ufungiwe karanga.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenu Mkumbara. Nimemkuta Petro uani anatengeneza mpini wa jembe, na sikumsalimia. Nilimtupia ile karatasi miguuni. Nikamuuliza, "Hii ni nini?"

Akaitazama. "Katuni."

"Soma pembeni."

Akasoma. Akainua macho. "Asha, ni makaratasi. Mtu ameshazikwa."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, mengine ya Kizigua, na nadhani aliyaelewa. Nilimwambia kwamba kwenye msiba aliwashukuru watu kwa kipaza sauti, akasema wewe ulikuwa taa ya ukoo, na bado hajafikisha miezi mitatu ameitia hiyo taa kwenye ndoo ya karanga. Akasimama na yeye. Akaniambia nisimfundishe kufiwa. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo kinanikera kwa sababu sijui nikiweke wapi. Alisema tangu tulipoanua tanga mama yenu alikuwa anakaa na lile boksi kuanzia asubuhi. Anageuza kurasa. Hajui Kiingereza, anageuza tu, anapitisha kidole kwenye penseli yako, chakula kinapoa. "Nikaona litamuua na yeye," alisema. "Ningefanya nini?"

Ungeniuliza mimi! Hilo ndilo nililomjibu. Simu unayo, namba yangu unayo, ungeniuliza!

Tulikuwa tunapiga kelele kiasi kwamba hatukumsikia mama akitoka. Alisimama mlangoni na kanga yake ya nyumbani, mwembamba kuliko nilivyomwacha msibani. Niliona aibu. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Akaitikia. Alikuwa ameshika jarida. Petro alipolichukua boksi, mama alikuwa ameshalificha moja chini ya godoro, na kwa miezi yote ile hakumwambia mtu. Akanikabidhi.

"Mwanangu Asha, acheni kugombana. Mwanangu alikuwa anacheka nini humu?"

Neema, hukumwambia kamwe. Miaka yote ile unacheka na kupiga kelele ndani ya nyumba yake, na hukuwahi kukaa ukamsomea mama yako. Kwa hilo nakulaumu wewe, hata kama umekufa. Na mimi nilikuwa nakuja pale kila likizo, nakula ugali wake, nakimbilia chumbani kwako na simu. Sikuwahi na mimi.

Basi nilikaa mkekani nikamsomea. Nimekwenda mara tatu tangu siku ile, na yale kumi na moja yameisha. Nasoma Kiswahili kana kwamba ndicho kilichoandikwa, nikifika kwenye penseli yako nasema, "Hapa Neema anasema hivi." Mwanzoni alikuwa anaziba mdomo. Baadaye akawa ananitangulia. "Hapo lazima Neema kamgombeza huyo," na kweli, kuna mstari umemgombeza. Amemshika moyoni Binti Nguzo moja kwa moja. Alitaka kujua kama ana mama. Nikamwambia anaye, anafanya usafi hospitali, hajui mwanae anatoka na mkanda. "Anajua," mama akasema. "Anakaa kimya tu." Mama yako mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba za kambi, baba yake aliletwa na mkonge, anasema wakata mkonge nao walikuwa wanarithishana panga, na kijana mgeni alikuwa anachekwa mpaka siku mikono yake inapoota sugu. Petro alikuwa anapita pita. Mara ya tatu alikaa kizingitini, ametupa mgongo, lakini alikaa.

Halafu ikaja zamu ya hili toleo jipya.

Nilikuwa sijalifungua kwenye simu. Ulipolazwa mara ya mwisho, figo zimeshachoka, uliniambia, "Likitoka usinisubiri, soma tu." Nikakusubiri hivyo hivyo, mpaka nilipoona nimebaki mimi peke yangu wa kulisoma. Nikalisoma hapa Kwaluguru, kwenye ngazi ya darasa, watoto wameshaondoka. Nguzo anatokea kwenye mwanga. Hakufa, alikuwa mahali fulani, maelezo yenyewe ya hovyo, kurasa mbili. Mji mzima unashangilia. Meya analia. Na Binti Nguzo, aliyechomwa, aliyevunjwa mbavu, aliyeshikilia mji ule miaka yote, anaufungua mkanda kiunoni mwake na kumkabidhi mzee, na anatabasamu. Wamemchora anatabasamu! Picha ya mwisho amepanda baiskeli, amegeuza mgongo.

Sikutaka kumsomea mama. Nilipanga kumwambia hadithi imeishia pale. Lakini Jumapili aliponitazama na kuuliza, "Ikawaje?", sikuweza kumdanganya mtu aliyenisubiri wiki nzima. Nikamsomea lote.

Halafu akaniuliza polepole, kama mtu anayehakikisha.

"Huyu si alizikwa? Si ulinisomea mwenyewe?"

"Alizikwa, mama."

"Na leo amerudi."

"Amerudi."

"Na mtoto wa watu?"

"Amerudisha mkanda."

Akautazama ule mwanga kwenye simu, jinsi mzee alivyochorwa mzima, hana hata vumbi la kaburi. Sijawahi kumwona mama yako amekasirika vile.

"Walioandika hiki," akasema, "hawajawahi kuzika mtu."

Petro pale kizingitini alijifunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kucheza. Mama hakumwita. Alisogea tu, akakaa karibu naye, na mimi nikazima simu.

Nimeyafikiria maneno yale njia nzima ya kurudi, Korogwe mpaka Handeni, na huku ndani mpaka leo. Naona ni kweli, na naona si kweli yote. Maana leo hii ukibisha hodi hapa, nisingekuuliza umerudije. Maelezo ya hovyo ningeyapokea, kurasa mbili zingenitosha, hata nusu ukurasa. Kumbe na mimi ningekuwa kwenye ule umati unaoshangilia, na nani angemwangalia Salma? Hilo linanikasirisha kuliko yote, kwa sababu sina wa kumkasirikia.

Petro bado sijamsamehe. Namsalimia, nimefika hapo.

Nakuaga, rafiki yangu. Nakuahidi kwamba nitaendelea kumfuata yule msichana, hata wakimpa ukurasa mmoja tu kwa mwaka, hata wakimwacha abebe mizigo mpaka azeeke. Mama naye ameapa hivyo hivyo. Amesema nikija tena nije na penseli iliyochongwa na daftari kubwa, kwa sababu ana maneno mengi ya kuwaambia hao watu, na yeye atasema, mimi niandike.

Wako,
Asha