Nyoka wa Valmor

Jurema, mume wangu Valmor yuko juu ya meza yetu ya jikoni, mkononi kibuyu cha chai tunachopokezana sote. Juu ya MEZA!

Si alikuwa anambembeleza baba amuuzie mbuga yake ya nyasi, ailime soya? "Baba mkwe, tangu nilime kwangu, nyoka wamekwisha." Wamekwisha, anasema!

Hapo hapo akachomoza mmoja kwenye kuni, mnene kama mkono wangu, akajilaza kando ya jiko.

Baba hata hakuinuka. "Kumbe wamehamia ndani! Sasa nikikuuzia na mbuga yangu, wa kwangu watalala kitandani kwenu?"

Valmor hashuki. Baba kanyoosha mkono, anadai kibuyu: "Maliza chai, mwanangu. Wenzako tunasubiri zamu."