Mzee Aliyevua Kofia Sinemani

Mjukuu wangu Atu, kamwene. Huku Iringa tu wazima. Shangazi yako amevuna maharage, na goti la babu yako limetulia, ila mdomo bado.

Unaniuliza kama filamu ya masamurai, wale wapiganaji wa Kijapani, mliyobishania bwenini ni nzuri au ya kijinga. Mimi niliona ya namna hiyo, ya Wamarekani, miaka ya sabini, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa sinema hapa mjini. Nilikuwa msichana wa sekondari, nimekaa na babu yangu, mzee wa Kihehe ambaye alikuwa hajawahi kuona sinema.

Mwishoni masamurai waliwavamia askari wenye bunduki wakiwa na mapanga tu, wakaanguka wote. Ukumbi ulicheka. Mwalimu mbele yetu alisema Wamarekani wametia chumvi. Kijana mmoja akasema, "Wajinga hao, si wangekimbia." Mimi nilicheka kuliko wote.

Nikageuka nimwone babu anavyocheka. Alikuwa amesimama, kofia kifuani, kama yuko makaburini. Wa nyuma wakamwambia, "Mzee, kaa, tunaona mgongo wako tu." Hakukaa.

Nje nikamuuliza alisimama kwa nini.

"Baba yangu alikufa hivyo hivyo," alisema, "mkuki mkononi, kwa bunduki za Wajerumani. Sikupata kumzika."

Filamu ile ilikuwa na uongo mwingi, mjukuu wangu, hilo nakuhakikishia. Hata nywele za masamurai zilikuwa za bandia. Lakini pale tulipocheka ndipo palipokuwa na kweli.

Ni mimi bibi yako.